Rangi iliyopotea tangini: uchambuzi wa kisa kimoja cha mchuzi wa zabibu, Dodoma

## Usuli

Kikundi kinachozungumziwa hapa ni cha wakulima wadogo wa zabibu katika kimoja cha vijiji vinavyolizunguka jiji la Dodoma. Majina, kijiji na mwaka vimeondolewa, na pia ujazo wa matangi na bei, maana kwa hesabu hizo tu wangetambulika. Mtiririko wa mambo umeachwa kama ulivyokuwa.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Msimu mmoja ni Februari na Machi, mwingine ni Agosti na Septemba. Zabibu za Agosti huiva katikati ya kiangazi, ukavu mtupu. Za Februari huiva mvua zikiwa bado zipo, na hapo ndipo kisa kilipoanzia.

Zamani wanakikundi waliuza tunda bichi. Kishada kikioza baada ya kupanda gari, kilimuumiza kichwa mnunuzi. Baadaye wakajenga banda, wakapata mashine ya kuvunja vishada, kifinyio cha mkono na matangi mawili, wakaanza kukamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani juisi iliyochachuka kuwa mvinyo ghafi, kwa kiwanda kinachoumalizia. Mchuzi una bei nzuri kuliko tunda, lakini kuoza nako kukahamia kwao.

Mambo mawili ya banda lile yashikwe mapema. Kwanza, wanachama hulipwa kwa kiwango cha sukari ya zabibu: refraktomita, kifaa cha kupima sukari hiyo, ikisoma juu, bei ya kilo inapanda. Pili, binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne anaandika kila kreti inayoingia: ya nani, imeletwa lini, imesoma ngapi, imekwenda tangi gani. Bila daftari lile tungebaki kulaumiana.

## Kilichotokea

Aina ni moja, nyekundu ya Makutupora. Mvua zilisimama kwa muda katikati ya masika, jambo la kawaida Dodoma, kisha zikarudi kwa nguvu wakati punje zimeshaanza kulainika. Mzabibu uliokuwa na kiu ukafyonza maji kwa ghafla na punje nyingi zikapasuka. Mashamba yaliyochelewa kupigwa salfa yaliumia zaidi, kwa sababu ganda lenye makovu ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, halitanuki pamoja na nyama yake; hupasuka palepale penye kovu.

Tangi la kwanza lilikuwa limejazwa kabla ya mvua kurudi. La pili lilijazwa baadaye sana kuliko ilivyopangwa. Mvua ilikuwa imeshusha sukari, na kwa kuwa sukari ndiyo hela, wenye mashamba waliziacha zabibu mtini zipande tena. Zikapanda kweli.

Kishada cha wiki zile ukikishika kwa nje kilikuwa kizuri. Ukizitenganisha punje kwa kidole, ndani karibu na kikonyo ulikuta mbili tatu zimegeuka kahawia. Ukibonyeza mojawapo, ganda linateleza na kuvuka lenyewe kabla hata ukungu haujaonekana. Kwenye punje iliyofika mbali zaidi kulikuwa na manyoya ya kijivu, na ukikitikisa kishada yanatoa vumbi. Vumbi hilo ni la kijivu, si jeusi. Tofauti hiyo ina maana: vumbi jeusi kwa kawaida ni la Aspergillus, kuvu wa joto, na la kijivu ni la Botrytis cinerea, anayependa unyevu wa muda mrefu na hali ya ubaridi kiasi, karibu nyuzi 20. Usiku wa mvua wa Machi pale Dodoma unampa vyote viwili.

Wavunaji waliona. Binti wa daftari naye aliona na kuuliza kama kreti zile zipokelewe. Mzee mmoja, mwanachama wa siku nyingi, akamjibu, "Mjukuu wangu, ukungu huo si unakufa pombe ikiiva?" Alisema kweli. Ukungu unakufa. Kreti zikapokelewa, na nyingi kati yake zikasoma sukari ya juu kuliko zile za tangi la kwanza.

Uchachukaji wa tangi la pili ulikwenda vizuri tu. Hamira ilifanya kazi, sukari ikaisha, povu likatulia. Tatizo lilijitokeza siku ya kuuhamisha mchuzi kutoka kwenye machicha kwenda tangi safi, siku ambayo mchuzi hukutana na hewa kuliko siku nyingine yoyote. Jioni ulikuwa mwekundu. Asubuhi ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala, utando unaong'aa juu na tope la kahawia chini. Harufu ilikuwa ya uyoga na udongo. Mnunuzi alichukua sampuli, na jibu lake halikuchelewa: hapokei.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuongeza metabisalfaiti, unga wa salfa unaotiwa kwenye mvinyo kuuhifadhi. Walikuwa wamefundishwa kwamba hewa ndiyo inayoharibu rangi na salfa ndiyo kinga, na kwa zabibu nzima mafunzo hayo yako sawa. Zabibu ina kimeng'enya chake (protini inayochochea mabadiliko ya kemikali) kinachotia ukahawia, kilekile kinachofanya tufaha lililokatwa kubadilika, lakini kingi kati yake hung'ang'ania kwenye vipande vya nyama ya tunda na salfa kidogo tu inakilemaza. Safari hii rangi ilitulia kwa siku chache kisha ikaanza tena. Wakaongeza. Ikatulia, ikaanza tena. Mtu asiyejua anashughulika na nini angeweza kuendelea hivyo mpaka mchuzi unyweke kwa kukohoa.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuchanganya. Tangi la kwanza lilikuwa na rangi iliyokolea, na Mama Mwenyekiti akasema hasara igawanywe: mchuzi mzuri uubebe mbaya, mnunuzi apate rangi ya katikati, kila mwanachama apate chochote. Kibiashara ni hoja ya kawaida, na viwanda vikubwa huchanganya kila siku. Walianza na madumu machache kwa sababu ya uhaba wa vyombo tu, na uhaba huo ndio uliowaokoa. Siku ya kuchanganya rangi ilipendeza. Kabla ya wiki kwisha, madumu yote yalikuwa yanaelekea kahawia, pamoja na ile sehemu iliyotoka tangi zuri.

Hapo ndipo niliitwa. Jambo la kwanza nililoomba ni glasi. Kipimo hiki ni cha zamani, hakina gharama, na nashangaa mabanda mengi hayakitumii: mimina mchuzi kwenye glasi, acha wazi usiku kucha, angalia asubuhi. Tulipanga nne. Ya kwanza ilikuwa na mchuzi wa tangi la kwanza, ya pili wa tangi la pili, ya tatu mchanganyiko, na ya nne wa tangi la pili uliopashwa moto kwenye sufuria yenye mfuniko ukaachwa upoe. Asubuhi ya kwanza haikuwa na mabadiliko. Ya pili na ya tatu zilikuwa zimeharibika. Ya nne, iliyotoka tangi lilelile bovu, ilikuwa kama tulivyoiacha jioni.

Glasi ya nne ndiyo iliyotoa jibu. Kitu kilichokuwa kinakula rangi kilivumilia salfa, kilivumilia kilevi, kilihama na mchuzi kutoka chombo hadi chombo, lakini moto ulikimaliza. Bakteria wa siki nao hufa kwa moto, ila wao wangeleta uchachu na harufu ya siki, wala wasingegeuza rangi kwa usiku mmoja. Kilichobaki ni kimeng'enya, na kwenye zabibu zenye manyoya ya kijivu kimeng'enya cha namna hiyo kina jina: lakasi.

Uamuzi wa tatu, basi, ulikuwa kupasha mchuzi wote wa tangi la pili pamoja na madumu yaliyochanganywa. Mama Mwenyekiti hakufurahi. "Mwanangu, ukichemsha mvinyo umebaki na nini? Si uji?" Tukakubaliana kwamba haichemshwi: inafika karibu nyuzi 70, inakaa hapo dakika chache, inapozwa haraka. Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, kwa hiyo ukipitiliza unakipoteza, na mvuke wake hushika moto. Sufuria ya mchuzi iliwekwa ndani ya sufuria ya maji, mfuniko juu, kipimajoto ndani, kazi ikafanywa nje mahali penye upepo, kuni zikiwa chini ya maji tu. Kila awamu ilirudi kwenye kipimo cha glasi kabla ya kuhesabiwa kuwa imepona.

## Matokeo

Mchuzi uliacha kuharibika. Rangi iliyokwisha kupotea haikurudi, na harufu ya tunda ilipungua kwa moto kama ilivyotarajiwa. Kuchuja kulikuwa taabu tupu, maana Botrytis huacha pia glukani, utelezi unaoziba kitambaa na chujio. Tangi la pili likauzwa kwa bei ya chini kwa mtu wa kukenekesha pombe kali. Tangi la kwanza, lile lisilochanganywa, lilinunuliwa kama kawaida. Wenye kreti za tangi la kwanza hawakutaka kugawana hasara tena, na mkutano wa kikundi ulikuwa mrefu.

## Uchambuzi: vita vya kwenye ganda

Ili kuelewa kwa nini tangi liliharibika baada ya ukungu kufa, turudi shambani, kwenye punje ikiwa bado hai.

Mzabibu haukai tu ukingoje kuliwa. Ukijeruhiwa au ukiguswa na kuvu, seli za jirani huanza kutengeneza kemikali za jamii ya stilbini. Inayojulikana zaidi ni resveratroli. Mwaka 1976 Langcake na Pryce walieleza jinsi majani ya mzabibu yanavyoizalisha yakishambuliwa au kujeruhiwa. Kutoka kwa resveratroli mmea hutengeneza nyingine zenye makali zaidi kwa kuvu, kama viniferini. Punje changa ina uwezo mkubwa wa kazi hiyo. Kadiri inavyoiva na kujaa sukari, uwezo unapungua. Kwa hiyo zile wiki ambazo wakulima walikuwa wanasubiri refraktomita ipande ndizo wiki ambazo punje ilikuwa inapoteza uwezo wa kujitetea.

Botrytis naye ana majibu. Mojawapo ni lakasi, kimeng'enya anachokitema nje ya mwili wake. Kinatumia oksijeni ya hewa kuoksidisha stilbini na kemikali nyingine za kundi lake kubwa, polifenoli, zinaungana zenyewe kwa zenyewe na kuwa mashapo ya kahawia. Jibu lingine ni pampu zilizo kwenye utando wa seli zake, zinazoitoa sumu nje kila inapoingia.

Hapa niweke tahadhari, maana habari hii husimuliwa kirahisi mno: zabibu ina sumu, kuvu ana kimeng'enya, kimeng'enya kinashinda. Ziko tafiti zilizokuta kwamba aina za Botrytis zinazooksidisha stilbini vizuri ndizo kali zaidi kwa mzabibu. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kitu cha kushangaza: lakasi mojawapo ya kuvu huyu ikiishika resveratroli huigeuza kuwa kitu kinachomdhuru kuvu mwenyewe, na kuvu aliyenyang'anywa lakasi hiyo aliihimili resveratroli vizuri zaidi. Kwa mimea mingine ushahidi umenyooka kuliko huu. Kuvu anayeozesha mizizi ya oti, nafaka ya nchi za baridi, ana kimeng'enya kinachovunja sumu ya mizizi hiyo. Mwaka 1995 ilionyeshwa kwamba akiondolewa jeni la kimeng'enya hicho anashindwa kabisa kuushambulia oti, huku ngano akiendelea kuila kama kawaida. Nyanya ina tomatini, na Fusarium anayeleta mnyauko hukata sukari zilizoshikamana nayo ikapoteza makali. Wafugaji wa huku wanajua kwamba mtama mchanga uliochipua baada ya ukame huua mbuzi. Ni sayanaidi hiyo. Lakini Gloeocercospora sorghi, kuvu wa madoa ya majani ya mtama, anaishi kwenye jani hilohilo, naye huigeuza sayanaidi kuwa formamaidi.

Tofauti ya hao wote na Botrytis ndiyo inayotuhusu. Kimeng'enya cha tomatini kinalenga tomatini, cha sayanaidi kinalenga sayanaidi. Lakasi haichagui hivyo. Inaoksidisha polifenoli za kila namna, na rangi nyekundu ya zabibu, pamoja na tanini zake, ni polifenoli. Punje ikivunjwa na kuingia tangini, kuvu anakufa kwa kukosa hewa na kwa kilevi, lakini lakasi inayeyuka kwenye juisi na kubaki hai. Inavuka uchachukaji. Salfa ya kiwango cha kawaida huipunguza kasi bila kuiua. Inakaa kimya mpaka siku ya kuhamisha mchuzi, oksijeni inapoingia, kisha inaanza kazi ileile iliyokuwa ikiifanya kwenye ganda. Ndiyo maana mzee alikuwa na haki kuhusu ukungu, na tangi likaharibika vilevile.

Ndiyo maana pia kuchanganya kulishindwa. Kimeng'enya hakimaliziki kwa kutumika. Chembe moja inarudia kazi tena na tena. Kumimina mchuzi mbovu kwenye mzuri ni kuipelekea lakasi rangi zaidi ya kula. Kanuni ya kugawana hasara ingefaa kwa mchuzi uliopungua rangi na kutulia. Kwa mchuzi wenye lakasi hai, ilipaswa kusubiri moto kwanza.

## Uchambuzi: kipimo kilicholipa uozo

Kosa kubwa la msimu ule, kwa maoni yangu, halikufanyika tangini. Lilikuwa kwenye meza ya mapokezi.

Ganda lililotobolewa na Botrytis hupitisha maji. Siku za jua kati ya mvua, punje mbovu inasinyaa, maji yanatoka, sukari inabaki na kusongamana. Refraktomita haioni ukungu. Inaona sukari tu. Kwa hiyo kreti zilizooza zilipata alama za juu na malipo ya juu, na daftari la binti linaonyesha hivyo mstari kwa mstari. Aliyevuna mapema kwa uangalifu alilipwa kidogo kuliko jirani aliyeacha vishada vikaota manyoya. Usimlaumu jirani. Alifuata bei.

Kilichofanya kazi vizuri ni daftari lenyewe, na matangi kutengwa kwa tarehe za kuvuna. Aina ile ile, hamira ile ile, salfa ile ile, tofauti ni mvua tu: ni mara chache banda la kijijini kupata ulinganisho safi kiasi hicho. Moto nao ulifaa, ila kama tiba ya mwisho. Mtu asipange msimu akitegemea sufuria.

## Walichobadilisha

Kipimo cha glasi kimehamishiwa mapokezi. Kila mzigo wa msimu wa mvua hutolewa juisi kidogo, inatiwa salfa kidogo ya kukilemaza kimeng'enya cha zabibu yenyewe, inaachwa usiku, na malipo kamili yanasubiri asubuhi. Vishada vyenye manyoya au ganda linaloteleza vinakatwa shambani na kuwekwa kreti ya peke yake. Vilivyooza kupita kiasi havikamuliwi kwa mvinyo. Binti sasa anaandika safu moja zaidi: hali ya kishada.

Shambani kazi ni nyingi zaidi. Majani yanayofunika vishada yanapunguzwa mapema ili upepo na jua vipite. Jua lenyewe, kwa mionzi yake, huweza kuamsha uzalishaji wa stilbini kwenye ganda, mbali na kukausha umande. Salfa inapigwa kabla ubwiriunga haujaacha makovu. Urea imepunguzwa, maana mzabibu unaositawi kupita kiasi unajifunika wenyewe. Dawa za ukungu wa kijivu zinapigwa kabla punje hazijabanana kishadani, na hazirudiwi za kundi moja mfululizo. Hapo zile pampu zinarudi: mwaka 2009 ilichapishwa kwamba mashamba ya Ufaransa na Ujerumani yalikuwa na Botrytis waliozidisha pampu zao kiasi cha kuhimili dawa za makundi tofauti kwa pamoja. Mojawapo ya pampu hizo hutoa sumu ya mzabibu na sumu ya dukani vilevile.

Baadhi ya wanachama wamesogeza tarehe ya kupogoa ili mavuno makubwa yaangukie kiangazi. Wengine hawataki, kwa sababu ada za shule zinadai hela ya Machi. Suala la bei bado linabishaniwa. Mama Mwenyekiti anataka sukari isiwe kigezo pekee na kishada kibovu kikatwe bei. Wenye mashamba ya bondeni, ambako umande hukaa zaidi, wanasema wataadhibiwa kwa sababu ya mahali walipo. Mpaka naandika hili walikuwa wamekubaliana jambo moja la muda: kreti iliyoshindwa kwenye glasi haiingii tangi la mwenzako, ila mwenye nayo anaruhusiwa kuikamua peke yake na kuipasha kwa kuni zake.